Bawaba Haibebi Mlingoti

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya wavuvi na akina mama wauza samaki, pwani ya Kilifi



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi kadhaa vimekuwa vikituuliza: je, mlingoti wa mashua ndogo unaweza kuwekewa bawaba, ukawa unalala na kuinuka bila kung'olewa? Jibu ni ndiyo, unaweza. Lakini kuna neno moja tungependa kila mtu aondoke nalo hapa leo, hata akisahau mengine yote: bawaba haibebi mlingoti. Bawaba inauonyesha tu njia ya kulala na njia ya kuamka. Kinachoubeba ni kisigino chake na kamba zake. Kikundi kikilielewa hilo kitafaulu. Kisipolielewa kitakuwa kimejitegea mtego chenyewe.

Sisi si mafundi wa vyombo, kazi yetu ni maendeleo ya jamii. Haya tumeyakusanya kwa mafundi na manahodha, tukayapiga hesabu, na sasa tunayaleta kwenu myapime.

NANI ANAHITAJI BAWABA?

Mlingoti wetu wa kawaida unasimama kwenye mastamu, lile tundu lililo chini juu ya mkuku, na unafungwa kwa kamba kwenye ubao mnene unaokatiza chombo. Ukitaka kuutoa, unafungua kamba, unaunyanyua wima mpaka uchomoke, halafu unaulaza. Wazee wetu wamefanya hivyo miaka na miaka, na si njia mbaya. Mwenye mtumbwi mdogo na mlingoti mwepesi, watu wawili wanamtosha. Huyo tunamwambia asitumie pesa zake kwa bawaba, hana haja nayo.

Shida inaanza mlingoti ukifika urefu wa mita 5 na uzito wa kilo 30 hivi. Kilo 30 si nyingi zikiwa kwenye gunia. Lakini kilo 30 zilizo ndefu mita 5, zimesimama wima, na wewe umesimama ndani ya chombo kinachoyumba, hilo ni jambo lingine kabisa.

Tunajua kikundi kimoja cha akina mama walionunua mashua kwa pesa za mzunguko. Wenyewe wanajua kuchambua samaki, kuuza na kuweka hesabu, na wawili wao wanajua hata kushika usukani. Lakini mlingoti hawauwezi. Kila wakitaka kuusimamisha lazima watafute vijana watatu. Vijana wakiwa na kazi nyingine, maji yanapwa, siku imekwenda. Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Kama kila kijana analipwa shilingi 200, na chombo kinatoka siku 12 kwa mwezi, hizo ni shilingi 7,200 kila mwezi za kusimamisha mti tu! Sasa jiulizeni, mashua hiyo ni ya nani? Kwenye daftari ni ya akina mama. Kwenye ufuo ni ya yule mwenye mabega.

Kuna sababu nyingine pia. Wengine wanapita kwenye mikono ya bahari myembamba ambapo matawi ya mikoko yamekutana juu. Wengine gofia ya juu ikikwama wanampandisha kijana kwenye mlingoti, na chombo kidogo kinaweza kupinduka kwa uzito wa mtu aliye juu. Wakati wa kusi kali, chombo kilichotia nanga na mlingoti umelazwa hakiyumbi sana kama kile kilichousimamisha. Halafu kuna madaraja. Wenzetu wa Ziwa Victoria kule Mbita walikaa miaka mingi na tuta la kwenda kisiwa cha Rusinga likiwa limeziba mlango wa maji, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2017. Popote penye daraja, mwenye tanga apime kimo chake kabla hajaingia chini.

Nyaya za stima zinazokatiza juu ya maji ni hatari kuliko yote. Mti uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, tena umeme wa nguvu kubwa unaweza kuruka kabla mlingoti haujagusa waya. Hapo usikisie. Kaa mbali, au laza mlingoti ukiwa bado uko mbali.

KISANDUKU CHA MLINGOTI

Msiende dukani kununua bawaba za mlango. Bawaba ya mlango inashikwa na skurubu fupi, na imetengenezwa kubeba mlango unaofunguka pole pole. Upepo ukisukuma tanga, skurubu hizo zitang'oka pamoja na mbao. Tunayoisema hapa ni bawaba ya namna nyingine. Ni kisanduku cha mbao chenye mashavu mawili, na mlingoti unasimama katikati yake.

Mashavu hayo yawe ya mbao ngumu, mvule au mbambakofi, unene wa inchi 2. Yaanzie chini kwenye mkuku, yapande, yapite kwenye ule ubao unaokatiza chombo na yafungwe hapo kwa bolti. Yasiishie juu ya ubao peke yake, maana ubao utapasuka. Nguvu ya tanga inatakiwa ishuke mpaka kwenye mkuku na ienee mpaka kwenye ubavu wa chombo.

Karibu na ncha za juu za mashavu inapita pini moja, yaani bolti nene ya milimita 16. Inatoboa shavu la kulia, mlingoti, na shavu la kushoto. Hiyo ndiyo bawaba yenyewe. Pini iwe kama sentimita 60 juu ya kisigino cha mlingoti, na ikiwezekana iwe sawa na kimo cha kingo za chombo. Sababu yake tutaieleza tukifika kwenye kamba.

Mlingoti ukilala kuelekea tezi, kisigino chake kinakwenda wapi? Kinakwenda mbele, kuelekea omo. Kwa hiyo upande wa mbele wa kisanduku, chini ya pini, uachwe wazi. Hapo mbele tunaweka komeo, kipande cha mti mgumu au cha chuma kinachokingama, ili mlingoti ukishasimama kisigino kisiponyoke. Upande wa nyuma, chini ya pini, tunaweka ubao mnene usiotoka.

Huo ubao wa nyuma msiudharau. Milingoti yetu huinamia omo kidogo. Mlingoti ukiinama mbele kwa juu, kisigino kinasukuma nyuma kwa chini. Kwa hiyo ubao wa nyuma ndio unaosukumwa kutwa nzima, na komeo la mbele linafanya kazi zaidi wakati chombo kinaruka mawimbi. Vyote viwili viwe imara, na ubao wa nyuma ushikwe kwa bolti. Misumari haitoshi.

Jambo lingine ni pembe ya nyuma ya kisigino. Fundi aiviringe kwa tezo na randa. Kisigino kinapozunguka, pembe hiyo ndiyo inayoshuka chini zaidi, na isipoviringwa itakwama kwenye mastamu. Mtu asiyejua ataanza kusukuma kwa nguvu, na pini itapinda.

Sasa tunakuja kwenye lile neno letu. Kisigino kisiguse chini wakati wa kuzunguka, kibaki kama nusu sentimita juu. Tundu la pini ndani ya mlingoti liwe kubwa kidogo kuliko pini, milimita 2 zinatosha. Mlingoti ukishasimama na komeo likishafungwa, gongeni kabari ya mti mgumu chini ya kisigino. Kabari inaunyanyua mlingoti kidogo, uzito unatoka kwenye pini na kukaa juu ya mkuku.

Mtajuaje kwamba imekaa vizuri? Shikeni pini kwa vidole mjaribu kuizungusha. Ikizunguka, mlingoti umesimama kwa miguu yake. Ikikataa, bado unaning'inia kwenye pini, na hapo msipandishe tanga. Kipimo hiki hakina gharama, na hata mtoto wa shule anaweza kukifanya.

CHUMA NA CHUMVI

Vikundi vingi vinanunua bolti nzuri kisha vinaziharibu kwa kuchanganya. Pini ya shaba kwenye bamba la chuma, ndani ya maji ya chumvi, inafanya chuma kiliwe haraka. Chagueni aina moja. Kama ni chuma kilichopakwa zinki, basi pini, bamba, nati na washa zote ziwe hivyo. Kama ni chuma kisichoshika kutu, ziwe hivyo zote.

Kila tundu likishatobolewa lipakwe mafuta ya sifa mpaka mti unywe, ndipo bolti iingie. Maji yakikaa ndani ya tundu mti unaoza kutoka ndani, na kwa nje utauona mzima. Juu na chini ya tundu, mlingoti uvishwe pete ya chuma ili usipasuke. Tundu lipite katikati ya unene wa mti, lisiegemee ukingo. Na chini ya kisanduku kuwe na njia ya maji kutoka.

KAMBA ZA UBAVUNI

Mlingoti unapolala una kamba mbili za ubavuni, kulia na kushoto. Wakati huo ndizo zinazouzuia usianguke pembeni. Mlingoti ukianguka pembeni ukiwa kwenye pini, unayanyonga mashavu ya kisanduku, na mashavu yanapasuka.

Sasa sikilizeni vizuri. Vifungio vya kamba hizo kwenye kingo za chombo viwe kwenye mstari mmoja na pini, kulia na kushoto. Vikiwa mbele ya pini, kamba zitakazana mlingoti ukilala nyuma, na hautashuka. Vikiwa nyuma ya pini, au chini sana kuliko pini, kamba zitalegea na mlingoti utayumba. Vikiwa sawasawa na pini, kwa mstari na kwa kimo, kamba hazikazi wala hazilegei tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana tulisema pini iwe sawa na kingo za chombo. Ikishindikana, wekeni mtu kwa kila kamba, alegeze na kukaza kwa mkono, na wasiwe watoto.

KUUINUA BILA MABEGA YA VIJANA WATATU

Wengine wanadhani bawaba inaondoa uzito. La, haiondoi. Mlingoti wetu wa kilo 30, katikati ya uzito wake iko kama mita 1.6 kutoka kwenye pini. Ukiushika mita 1.2 kutoka kwenye pini ili uuinue kwa mikono, unabeba kilo 40. Umeongeza mzigo!

Na ukifunga kamba kwenye ncha ya mlingoti uliolala ukaivuta ukiwa omo, haitainuka. Kamba inauvuta mlingoti kuelekea kwenye pini tu, haiunyanyui.

Kule Uingereza, kwenye mito ya Norfolk yenye madaraja mafupi, watu wa zamani walikuwa na mashua za mizigo zilizotatua jambo hili kwa njia yao. Walifunga risasi nzito kwenye kisigino cha mlingoti ili isawazishe uzito wa juu, kama mizani ya dukani. Mlingoti mkubwa sana ulilazwa na watu wawili. Moja ya mashua hizo, iitwayo Albion, iliundwa mwaka 1898, na watu walianzisha chama cha kuitunza mwaka 1949. Je, na sisi tufanye hivyo? Tupige hesabu. Ili kusawazisha mlingoti wetu, kwenye kisigino kilicho sentimita 60 chini ya pini tutahitaji kilo 80. Hizo ni sawa na mtu mzima asiyeshika kasia wala kuvuta wavu, naye yumo ndani kila safari. Kwa mashua ndogo haifai.

Njia inayotufaa ni mkasi wa miti. Chukueni miti miwili ya mvinje, hii inayolimwa na kuuzwa hapa kwetu, yenye urefu wa kuufanya mkasi ukisimama ufike mita 2 juu ya pini. Funganisheni vichwa vyake, na miguu yake isimame kwenye kingo mbili za chombo, kwenye mstari ule ule wa pini. Miguu ifungwe isiteleze. Kamba moja itoke kwenye ncha ya mlingoti mpaka kwenye kichwa cha mkasi. Kamba ya pili itoke kwenye kichwa cha mkasi ishuke mpaka omo, na hapo ndipo mnapovuta.

Kama omo iko mita 2 mbele ya pini, mtavuta kama kilo 34. Mkiweka gofia mbili, moja kwenye kichwa cha mkasi na nyingine omo, ili kamba ivute mara mbili, inabaki kama 17, na kidogo zaidi kwa msuguano. Kilo 17 ni kama ndoo ya maji ya lita 20 ambayo haijajaa. Nani kati yenu akina mama hajawahi kuiinua hiyo? Na kadiri mlingoti unavyopanda, ndivyo unavyozidi kuwa mwepesi.

Mlingoti ukishasimama, ukafungwa komeo na kabari, fungueni kamba ya omo na mkasi muuondoe. Tanga letu ni la foromali, na mkigeuza upande foromali inazungushwa mbele ya mlingoti. Kamba ikiachwa pale mbele itaizuia, na mtajikuta mmekwama katikati ya upepo. Henza, ile kamba ya kupandishia foromali, ifungwe kuelekea nyuma kama kawaida, isaidie kuushika mlingoti.

ZAMU NA SAUTI MOJA

Kulaza ni hatari kuliko kuinua, maana mzigo unakimbia wenyewe. Kwa hiyo mfuate utaratibu huu.

Kwanza, chombo kiwe mahali pametulia. Msilaze mlingoti kwenye mawimbi.

Pili, tanga na foromali vishuke na viwekwe pembeni kabla ya jambo lolote.

Tatu, simamisheni mkasi, fungeni kamba zote, mtu wa omo akaze kamba yake na kuizungusha mara mbili kwenye kigingi. Asiishike kwa mikono mitupu.

Nne, hakikisheni hakuna mtu nyuma ya mlingoti, kwenye njia ya kuangukia. Hakuna mkono wala kidole ndani ya kisanduku.

Tano, toeni kabari. Komeo litoke mwisho, na litoke kwa amri ya nahodha peke yake.

Sita, nahodha ndiye anayesema. Wengine wote kimya. Watu wawili wakitoa amri, mmoja atalegeza na mwingine atakaza.

Mara ya kwanza jaribuni chombo kikiwa nchi kavu, kimeegemezwa vizuri. Rudieni mara nyingi, na mbadilishane kazi, mpaka kila mtu ajue kila kamba. Msiache ujuzi huu kwa mtu mmoja. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewaondoa wale vijana watatu na kuweka bwana mwingine mahali pao. Na kabla chombo hakijarudi baharini, fundi wa vyombo akikague, na kamati ya ufuo, BMU yenu, ijue mmebadilisha nini. Jaketi za kujiokolea ziwemo kama siku zote.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua kilicho mezani. Kisanduku kikitengenezwa kwa haraka, bila ubao wa nyuma na bila kamba za ubavuni, siku moja kitamwangukia mtu. Na atakayeangukiwa atakuwa mmoja wenu, ambaye jina lake limo kwenye daftari la michango. Afadhali chombo kikae ufuoni mwezi mmoja zaidi mkichanga pesa za mbao ngumu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mlingoti wetu una urefu gani na uzito gani? Je, kweli tunahitaji bawaba, au kamba na mastamu ya zamani vinatutosha?

2. Kwa mwezi mmoja tunalipa kiasi gani kwa kusimamisha na kulaza mlingoti? Tuandike. Halafu tuulize bei ya mbao, bolti, gofia, kamba na fundi, tuone itachukua miezi mingapi pesa hiyo irudi.

3. Kwenye njia zetu za kila siku, ni wapi penye waya, daraja au matawi? Tuchore ramani chini kwenye mchanga, wote tuione.

4. Nani atakuwa nahodha wa kutoa amri, na nani atachukua nafasi yake akiwa mgonjwa?

5. Nani atajaribu pini kwa vidole kila asubuhi kabla tanga halijapanda? Tumtaje kwa jina leo, kabla hatujatawanyika.